Punje Mbili Nyekundu za Mjomba Omari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikakaa kidogo na kalamu hewani, kwa mazoea, nikingoja ile "marahaba" yako iliyokuwa ikitokea puani kabla ya kufika mdomoni. Haikuja. Basi naendelea, maana siku hizi kimya chako tunakihesabu kuwa ruhusa.

Nakuandikia kutoka Mikumi, kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo unachokijua. Humu ndimo ulimovishwa gauni la bluu, kofia ya nailoni na barakoa, ukajitazama kwenye kioo na kuuliza kama tunakwenda kuwaona panya au kuwazika. Ni saa ya chakula cha mchana. Wenzangu wametoka kwenda kula barabarani. Mimi nimebaki na wewe, na nyuma ya mlango wa pili wako wale wapangaji wetu wadogo wanatafuna.

Habari kubwa ni kwamba sasa naitwa Omari. Nitakueleza ilivyokuwa. Mkono wako umo mle ndani, na mimi nimechelewa kuugundua.

Lakini tuanze na uongo wako.

Nilipopata kazi hapa kituo cha utafiti, uliwaambia watu wa kijijini kwetu Masanze, "Mpwa wangu Saidi yuko Mikumi, anatunza wanyama." Hapakuwa na neno hata moja la uongo. Uongo uliuacha utengenezwe na kichwa cha msikilizaji. Kwa miaka nikawa askari wa wanyamapori bila bunduki wala sare. Watu walinisimamisha gengeni kunidokeza habari za nyama ya nyati. Mzee mmoja wa Rudewa alinilalamikia kuhusu tembo walioingia shambani kwake, kwa sauti ya mtu ambaye hatimaye amempata mhusika. Nilimwambia nitalifikisha. Nililifikisha kwa panya, kwa kuwa ndio niliokuwa nao.

Sikukulaumu. Wewe ndiye uliyevisha miguu ya ghala lako mabati ili panya watereze. Wewe ndiye uliyesema panya ni mwizi mwenye uzazi. Halafu mtoto wa dada yako, uliyemlea tangu baba yake alipoondoka, anakwenda kuajiriwa awatandikie panya, awapimie chakula, na awaandikie kila siku wamelalaje. Hata mimi ningesema ni tembo.

Nilianza kwa kufagia, unakumbuka. Darasa la saba langu na ufagio. Daktari Stella, bosi wetu, alikuwa akiacha milango wazi anapofundisha wanafunzi wake, na mimi nilikuwa nafagia polepole sana mbele ya milango iliyo wazi. Nilisoma vibandiko. Nilisoma vitabu vilivyotupwa kwa kuwa vimeloa. Lakini zaidi niliwatazama panya wenyewe, jinsi nilivyozoea kuwatazama watu kwenye vikao vya ukoo: nani anakaa pembeni, nani ameacha kula, nani anajifanya mzima. Siku moja nilimwambia Daktari kwamba yule wa sanduku la kona ataumwa kesho. Akacheka. Kesho yake hakucheka. Wiki iliyofuata nikapewa gauni.

Barabara hii inapita katikati ya hifadhi. Watu wanavuka bahari kuja kutazama twiga. Wanapita mbele ya geti letu wakiwa wamenyanyua kamera upande wa pili, na hawajui kwamba mnyama mwenye kazi kubwa kuliko wote Mikumi ni mwepesi kuliko yai la kuku wa kienyeji. Panya wetu wamebadilishwa tangu asili yao. Wataalamu, huko walikoanzia, waliondoa yale maelekezo ya panya ya kutengeneza damu, yale yanayoitwa jeni, wakaweka maelekezo ya binadamu. Tena ya binadamu mwenye selimundu. Kwa hiyo chembe za damu yao zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na panya anajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, jinsi Tatu wetu anavyojikunyata kitandani. Dawa inayotafutwa inaanza kwa hao kabla ya kumfikia mtoto wa mtu.

Umeona, nimeshamtaja Tatu. Nilitaka nimcheleweshe.

Ndoa ya dada yangu Rehema na mwanao Jumanne uliipanga wewe, na sherehe yake ilisemwa mpaka Kilosa mjini. Kwetu binamu wa namna ile ndiye mchumba wa kwanza. Rehema ni wa ukoo wa mama yetu, yaani ukoo wako. Jumanne ni wa ukoo wa mkeo. Koo mbili, damu mbili, hakuna wa kusema neno. Na shamba la bondeni linabaki nyumbani. Alizaliwa Mwanaisha, mzima kama ngoma. Akafuata Tatu, ambaye alikuwa bado hajajua kusema vizuri alipomwambia mama yake, "Mifupa inalia."

Watu walisema mengi. Waliotafuta mchawi walimpata, ukoo wa mkeo ukanyooshewa kidole, nao wakakirudisha kwetu kikiwa kimeongezwa urefu. Wewe ulikuwa ukimbeba Tatu mgongoni kwenda hospitali, mzee wa miaka yako, na ukifika ulikuwa unasimama dirishani kutazama nje mpaka sindano iishe.

Ndipo ukaja hapa. Ulisema umepita tu kunisalimia, kana kwamba kuna mtu anayepita Mikumi kutoka Masanze akiwa amevaa kanzu ya Idi. Daktari alikuruhusu uingie. Ulisimama mbele ya masanduku yale ya kioo ukiwa umefunga mikono nyuma, kama mkaguzi. Jambo la kwanza ulilosema halikuwa juu ya damu. Ulimwona jike aliyetoka kuzaa, amejikusanyia vipande vya karatasi juu ya watoto wake wekundu, na ukamgeukia Daktari.

"Mama mzazi anatandikiwa karatasi?"

Daktari alieleza kwamba ndivyo wafanyavyo wengi. Ukasema panya wa ghalani kwako, wale wezi, hawazalii kwenye karatasi. Wanachana maganda ya mahindi mpaka yawe kama pamba, na watoto wanapata joto. Tena hawa ni wagonjwa, na Tatu akipigwa na baridi tu ameanza kuumwa. Daktari aliacha kutabasamu akatoa kalamu.

Kisha uliuliza lile swali lako. "Huyu amekosa nini?"

Nikajibu, "Hajakosa kitu, mjomba."

"Na mwisho wake?"

Nilikuambia ukweli, kwamba wengi mwisho wao ni mikononi mwetu, kwa njia isiyo na maumivu, ili Daktari atazame ndani. "Kama hajakosa," ukasema, "basi muwe na adabu." Sijawahi kusikia sheria ya maabara iliyo fupi kuliko hiyo. Tangu siku ile, zamu yangu ikifika ya kumuaga mmoja wao, namwambia "samahani" kwa sauti. Vijana wa hapa walinicheka mwezi mzima. Sasa nao wanasema.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, chini ya ukuta, na hapo ndipo ulipouliza ugonjwa unapitaje kwa wazazi ambao ni wazima. Nikakujibu kwa lugha yako. Nilikuwa na punje za mahindi mfukoni, nyeupe na nyekundu, nilizotoka nazo shambani. Nikaweka punje mbili kila mkono, moja nyeupe na moja nyekundu. Mkono huu baba, mkono huu mama. Kila mzazi ana nyekundu moja na haimsumbui, kwa kuwa nyeupe inafanya kazi. Mtoto anachukua punje moja kila mkono. Akipata nyekundu mbili, anaumwa. Nikakuambia funga macho uchukue.

Ulifungua kiganja, zikawa nyekundu mbili.

Mjomba, wewe ulikuwa mtu wa shamba la mbegu Kilangali maisha yako yote. Ulikuwa unatembea kwenye mistari na kung'oa kila mhindi usiofanana na wenzake kabla haujachanua, na ulikuwa ukigombana na majirani waliopanda karibu, kwa sababu vumbi la maua haliheshimu mpaka. Ulipozitazama punje zile sikuhitaji kuendelea. Niliona ukitembea mwenyewe kutoka Kilangali mpaka nyumbani, kutoka kwenye mahindi mpaka kwa watoto. Dada yako na wewe mlitoka tumbo moja. Yeye akamzaa Rehema, wewe ukamzaa Jumanne. Tulimwita Jumanne mtu wa ukoo wa mama yake tukasahau kwamba na wewe ulikuwepo.

"Kumbe gunia moja," ulisema.

Wiki hiyo ulikwenda kupimwa. Ulirudi na karatasi umeikunja ndani ya kofia. Ulikuwa umebeba ile nyekundu moja, miaka yote hiyo, bila kuumwa hata siku moja. Nilikuambia si kosa, hakuna aliyejua. Ukanijibu kwamba anayeng'oa mahindi ya serikali kwa umakini ule alipaswa kuuliza. Halafu ukasema, "Nitalisema mwenyewe. Kikao cha ukoo kikikaa nitalisema." Na ukanikataza nisilitaje kwa mtu.

Ukafa kabla ya kikao. Asubuhi ulikuwa unapanga maganda kwenye gunia la kuwaletea panya wetu hapa Mikumi, adhuhuri hukuwepo.

Sasa angalia ulivyoniacha. Matanga hayajaondolewa, Zuhura binti yako na Mama Mkubwa Asha, dada yako, wakaanza kupeleka maneno: Mwanaisha wa Rehema aolewe na Hamisi wa Zuhura. Wajukuu zako wawili. Koo mbili, damu mbili, shamba la bondeni linabaki nyumbani. Vijana wenyewe wanapendana, ubaya hauko hapo. Na mtu pekee mwenye haki ya kusimamisha maneno ya posa kwetu ni yule anayekalia mkeka wako na kuitwa jina lako. Mkeka ulikuwa mtupu. Mpwa wa kwanza ni mimi, na mimi nilikuwa na tatizo.

Kwa sababu ule uongo wako wa tembo ulikufa siku uliyokufa wewe. Wenzangu wa kituoni walikuja kukuzika, na mmoja, katika kutoa pole, alinisifu mbele ya wazee kwamba hakuna anayewajua panya kama mimi. Mpaka tunarudi kutoka makaburini habari ilikuwa imeshakua: Saidi anachanganya damu ya watu na ya panya. Mama Mkubwa Asha alilisema wazi, hana tabia ya kuzunguka. "Mtu wa namna hiyo hakai kwenye mkeka wa kaka yangu."

Ningeweza kusema siri yako nikapata mkeka. Lakini ningekuwa nimekuvua nguo hujafikisha hata arobaini. Nikinyamaza, Mwanaisha anafunga macho anachukua punje. Nilikuwa sili vizuri. Panya wangu wangeniona wangeandika kwamba huyu ataumwa kesho.

Siku ya arobaini, baada ya hitma na pilau, tulikaa uani kwa ajili ya kumtaja mrithi. Jina lililokuwa linazungushwa si langu. Ndipo akatoka ndani mtani wetu, Mzee Madege, na nusu ya uwanja wakashika vifua vyao.

Alikuwa wewe. Amevaa kanzu yako ya Idi, kofia yako, fimbo yako, na ule mguu wa kushoto unaoburuzwa kama umesahau kitu. Kwenye maziko alikuwa ameshalala mbele ya jeneza akidai hatupiti mpaka apate jogoo, na jogoo alimpata, kwa hiyo tulidhani ameridhika. Alivuta pumzi puani. Akasema:

"Nyamazeni, Omari nasema. Mnanijua. Kilangali nikiona mhindi mgeni kwenye mstari, nang'oa. Jirani akipanda karibu, nampigia kelele. Bwana shamba ananisifu mpaka natembea upande. Halafu jioni narudi Masanze, nachukua punje kutoka gunia moja, nazigawa mafungu mawili. Hili naliita ukoo wetu, hili naliita ukoo wa mke wangu. Nazipanda shimo moja, nasema, hizi ni mbegu mbili. Na mnanipigia vigelegele. Punje haijui ukoo, enyi wajinga wangu. Mimi ndiye gunia."

Watu walicheka, maana mtani akisema tunacheka, ndiyo kazi yetu. Kisha kicheko kikahama kuanzia mbele kwenda nyuma, kama mvua inavyoacha uwanja. Madege akavua kofia yako, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa. Niliijua mikunjo yake.

"Alinipa mwenyewe," akasema, sasa kwa sauti yake. "Akaniambia: nikiwahi nitasema. Nisipowahi, sema wewe. Wewe ni mtani, hutozwi faini."

Mjomba. Mimi ndiye najiita mjanja wa familia hii.

Mama Mkubwa Asha akanyoosha kidole. "Wewe mtu wa panya. Njoo hapa. Ni kweli hayo?"

Niliomba mahindi. Nikakaa mbele yake kwenye mkeka nikaweka punje mbili kila kiganja. Alifunga macho akachukua. Nyeupe mbili. Nikasema huyo mzima. Akarudia, nyeupe na nyekundu. Nikasema huyo ni mzima anayebeba, kama mjomba, kama Rehema na Jumanne. Akarudia tena na tena, kama anayevuta tasbihi, mpaka zikaja nyekundu mbili, na hapo hakuniuliza. Alimtazama Tatu, aliyekuwa amelala kwenye mapaja ya mama yake.

"Kwa hiyo kila mimba ni kuchagua upya."

"Kila mimba, mama. Kupata mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata."

"Na damu iliyomo ndani ya hao panya ni ya nani?"

"Si ya mtu aliyezikwa wala anayetembea. Ni maelekezo tu. Mbegu ya Kilangali ukiipanda hapa, shamba haliwi la Kilangali."

"Wanaumwa kama huyu mtoto?"

"Wanaumwa kama huyu mtoto."

"Basi wapeni pole," akasema. Akamwita Madege, akamnyang'anya kofia, akanivisha. Kofia yako ni ndogo, mjomba. Au kichwa changu ndicho kimejaa panya. Nilipewa fimbo, nikanywa maji ya kurithi jina lako, wakaniita Omari mara tatu na mara zote nikachelewa kuitika.

Hasara za cheo nilizijua mchana huohuo. Rehema, aliyenifuta makamasi, sasa inampasa kuniita mjomba. Ameniita mara moja, kwa dhihaka, akiwa ameshika mwiko. Zuhura na Jumanne mimi ni baba yao. Na Hamisi, kijana mwenye ndevu kuliko mimi, nimekuwa babu yake.

Jambo langu la kwanza kwenye mkeka lilikuwa hilo unalolijua. Sikukataza posa. Nataka ulisikie vizuri, sikukataza. Nilisema maneno yasimame mpaka vijana wapimwe, na kuanzia sasa posa yoyote itakayoingia kwetu, iwe ya binamu au ya mtu wa Kigoma, itangulie hospitali. Zuhura alinuna. Mama Mkubwa Asha alisema, "Mmemsikia Omari," na kikao kikaisha.

Majibu yalitoka. Wote wawili wanabeba.

Nilikwenda nao kwa daktari wa hospitali akawaeleza yote, kwamba wanaweza kuoana wakijua, kwamba kuna watoto wazima wanaotoka kwa wazazi kama hao, na kwamba kuna wa namna ya Tatu. Nilikaa nje. Nje nako kulikuwa kazi. Mwanaisha alitoka kwanza, ameikunja karatasi yake mikunjo ileile ya kwako, sijui amejifunza wapi. Akaniambia, "Afadhali nijue nimesimama kuliko nijue nimepakata mtoto." Wameachana, mjomba. Wenyewe. Hamisi alipanda pikipiki akaondoka bila kuniaga, na kwa wiki nyingi alikuwa akinipita njiani kana kwamba mimi ni kisiki.

Nilikubali. Mtu akikuondolea mke kwa punje nne za mahindi, una haki ya kumwona kisiki.

Nikupe za furaha. Maganda yako yamefaulu. Daktari Stella hakukurupuka. Masanduku mengine aliweka karatasi kama zamani, mengine akaweka maganda yako yaliyochanwa na kupikwa kwa mvuke ili kuua vijidudu, na mimi nikaandika kila siku nani amezaa, nani amebaki. Akina mama wa maganda walilala juu ya watoto wao wakatulia, na watoto wengi zaidi wakafumbua macho. Imeingia kwenye ripoti. Imeandikwa "ushauri wa mkulima wa eneo hili." Nilimfuata Daktari nikamwambia mkulima huyo ana jina. Akasema ripoti haziweki majina ya namna hiyo. Nikasema basi jina hilo limo humu humu chumbani, limevaa gauni, na litaendelea kusimama hapa. Siku iliyofuata lilikuwa limeongezwa kwenye ukurasa wa shukrani. Omari, Masanze. Nimeipiga picha, nimemwonyesha kila mtu mwenye macho na wawili wasio nayo.

Nilitaka kusema kwamba dawa anayomeza Tatu imetoka kwa panya wetu. Daktari alinisahihisha: ile ni ya zamani kuliko wao. Hawa wanafanyia kazi ile inayokuja, na huenda isije, nyingi haziji. Naliandika hivyo hivyo, kwa kuwa wewe hukupenda mbegu inayosifiwa kabla haijaota. Tatu anaendelea. Msimu huu wa baridi ameumwa mara chache, na ameanza kudai apelekwe kuwaona "wadogo zake wa Mikumi". Tunawaambia wenzake shuleni ni tembo. Hapana, natania. Yeye ndiye anayewaambia ukweli, na anautia chumvi.

Limebaki moja, ndilo lililonikalisha kuandika.

Tangu ulipoondoka maganda yalikuwa yanaelekea kuisha, na mimi sina mkono wako wa kuchagua yale laini ya ndani. Jana, kabla ya adhuhuri, mlinzi wa geti aliniita. Hamisi alikuwa amesimama na pikipiki yake, amefunga gunia nyuma. Alikuwa amechambua mwenyewe shamba la bondeni, maganda ya ndani tu, yamepangwa kama unavyopanga wewe. Hakushuka.

"Hawa wanaotandikiwa haya," akasema, akitazama ukuta, "ndio walioninyima mke?"

"Ndio hao."

Alizima injini. "Naweza kuwaona?"

Nilimvisha gauni, kofia ya nailoni, barakoa. Alisimama mbele ya sanduku la kona, amefunga mikono nyuma. Mle ndani alikuwemo dume mmoja siku yake mbaya, amejikunja, manyoya yamesimama. Hamisi alimtazama mpaka nikadhani amesahau kwamba nipo. Alimjua. Amewahi kumpeleka Tatu hospitali kwa ile pikipiki akiwa amejikunja vilevile.

Tulipotoka alivua barakoa, akafunga kamba za gunia lililobaki tupu, akawasha injini. Kisha akainama kidogo juu ya usukani, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, babu Omari."

"Marahaba," nikasema, na nakuapia mjomba, ilitokea puani kwanza.

Basi lala salama. Mkeka wako haujaingia vumbi. Nakuahidi kwamba muda wote nitakaokuwa naitwa wewe, hakuna mtoto wa kwetu atakayefumbishwa macho achague punje ambazo wazazi wake wangeweza kuzihesabu mapema. Na hao wadogo walio nyuma ya mlango, wasiokosa kitu, hawatalala kwenye karatasi, wala hawataondoka bila kuambiwa samahani.

Wenzangu wanarudi, nasikia viatu. Naenda kutandika.

Mpwa wako,
Saidi, ambaye huku wanamwita Omari, na siku hizi anaitika.